Kuendesha Klabu ya Kupanda Miamba na Kugawana Kazi za Kamati: Mwongozo Kamili

Ukitaka kujua klabu ya kupanda miamba itadumu muda gani, usihesabu wanachama wake. Uliza nani ana ufunguo wa kabati la kamba, nani ana neno la siri la barua pepe ya klabu, nani anajua bima inaisha lini, na nani humpigia simu mwenye ardhi kabla ya safari. Jibu likiwa jina moja kwa maswali yote manne, basi klabu nzima imesimama juu ya dua kwamba mtu huyo asiugue, asihame na asichoke.

Kwa kawaida mtu huyo hakujipachika. Kazi zilimjia moja moja kwa sababu alikuwa karibu, hajui kukataa, na kila alichoshika kilikwenda vizuri. Lakini katika mchezo huu uchovu wake haumuumizi yeye peke yake. Mtu aliyelala kwa saa 4 tu kwa sababu ya kuandaa hesabu za mkutano ndiye huyo huyo anayekagua kamba asubuhi, na uhai wa mtu utaning'inia kwenye kamba hiyo. Ndiyo maana naona ugawaji wa kazi za kamati ni jambo la usalama, na uwekwe pamoja na fundo na kofia ngumu, wala usisubiri hadi klabu iwe kubwa.

Klabu za wapandaji zimeendeshwa na watu wa kujitolea tangu Alpine Club ilipoanzishwa London mwaka 1857, kwa hiyo hatuanzi sifuri. Mengi tunajua yanafanya kazi.

Hatua ya 1: Andikeni kazi kabla ya vyeo

Klabu nyingi huanza kwa kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha ndipo zinauliza nani atafanya nini. Geuzeni mpangilio huo. Kaeni watu wanne au watano, mchukue karatasi kubwa, na mwandike kila kilichofanyika katika klabu kwa miezi 12 iliyopita. Andikeni kwa vitenzi: kufungua ukumbi, kupokea ada, kuosha kamba, kujibu wageni wanaouliza, kuomba ruhusa ya eneo, kununua chaki, kuandika majina ya waliofika, kurudisha kofia kabatini. Msiandike "utawala", kwa maana hakuna mtu anayeamka asubuhi akafanya utawala.

Kando ya kila kazi wekeni mambo matatu: hufanyika mara ngapi, huchukua muda gani, na nini kitatokea isipofanyika kwa mwezi mzima. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito. Itawaonyesha kwamba kazi zenu ni za makundi matatu. Kundi la kwanza ni zile ambazo zikiachwa mtu ataumia: ukaguzi wa vifaa, mafunzo ya wageni, uongozi wa safari, mpango wa dharura. La pili ni zile ambazo zikiachwa klabu itapoteza mahali pa kupandia au fedha zake: bima, hesabu, uhusiano na wenye ardhi. La tatu ni zote zilizobaki, kama fulana, picha, sherehe ya mwisho wa mwaka na matangazo.

Tatizo ni kwamba kundi la tatu ndilo linaloonekana na watu, hivyo ndilo linalovutia watu wenye ari. Kamati ikiwa na watu wawili wa matangazo na hakuna wa vifaa, mmejipanga vibaya. Jazeni kundi la kwanza kwanza, na mweke kanuni moja ngumu: mtu mmoja asishike kazi mbili za kundi hilo. Anayefundisha wageni asiwe ndiye mkaguzi wa vifaa. Kila mmoja awe jicho la pili kwa mwenzake.

Hatua ya 2: Katiba fupi, bima inayoeleweka

Katiba ya kurasa tatu inatosha. Iseme jina la klabu na lengo lake, nani anaweza kuwa mwanachama, ada hupangwa na nani, kamati ina watu wangapi na wanakaa madarakani muda gani, akidi ya mkutano ni watu wangapi, malalamiko yanasikilizwaje, na mwanachama anaweza kusimamishwa kwa utaratibu gani. Wekeni pia kifungu cha kuvunja klabu, kinachosema mali itakwenda wapi. Ni rahisi kukiandika wakati watu wote wanapendana.

Maelezo ya kazi za kila mtu yasiingie kwenye katiba. Yakiingia, kila mkitaka kuhamisha kazi ya kuosha kamba kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine itabidi muitishe mkutano mkuu. Yawekeni kwenye karatasi tofauti ambazo kamati inaweza kuzibadilisha kikaoni.

Kila mwanachama asome na kutia saini tamko la hatari. Maneno yawe wazi: kupanda miamba na milima kunaweza kusababisha majeraha au kifo, na anayeshiriki analielewa hilo na anawajibika kwa matendo yake. Lakini msijidanganye kwamba saini hiyo inaifutia klabu wajibu wake. Klabu iliyomkabidhi mgeni hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kwenye kamba) iliyochakaa bado ina la kujibu.

Kuhusu bima, mashirikisho mengi ya kitaifa ya upandaji hutoa bima ya dhima kwa klabu zilizojiunga nayo. Mengi ya mashirikisho hayo yako chini ya UIAA, chombo cha kimataifa cha upandaji kilichoundwa Chamonix, Ufaransa, mwaka 1932. Kabla ya kulipa, mtu mmoja wa kamati aulize maswali haya kwa maandishi na atunze majibu: Je, mwanachama akimuumiza mwanachama mwenzake, bima inahusika? Inafika kwenye miamba ya nje au ni kwenye ukuta wa ndani tu? Mwanachama wa kujitolea anayefundisha bila malipo analindwa? Mgeni wa siku moja naye? Maswali hayo manne huonyesha mashimo mengi kuliko kusoma kijitabu kizima.

Hatua ya 3: Nani abebe nini

Kamati ya watu saba inatosha klabu ya ukubwa wa kawaida. Wakizidi hapo, vikao hurefuka na wajibu hupotea katikati ya watu.

Mwenyekiti anaendesha vikao, anasema kwa niaba ya klabu, na anahakikisha kila mwanakamati yuko sawa. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika. Mwenyekiti mzuri hupiga simu mara moja kwa mwezi kwa kila mmoja na kuuliza, "Kazi yako inakulemea wapi?" Asiwe mtu wa kudaka kila kinachodondoka. Mwenyekiti anayedaka kila kitu huifundisha kamati kudondosha.

Katibu hutunza kumbukumbu za vikao, orodha ya wanachama na mawasiliano. Mweka hazina hutunza fedha. Mtunza vifaa na mratibu wa mafunzo nitawaeleza kwa urefu hapa chini. Mratibu wa safari hupanga tarehe, huomba ruhusa za maeneo na huteua kiongozi wa kila siku ya kupanda. Wa saba ni afisa wa ulinzi wa watoto na wanachama walio hatarini. Hata kama klabu yenu haipokei watoto leo, kesho mzazi atakuja na binti yake wa miaka 12, na mnapaswa kuwa na jibu.

Kwa watoto kuna mambo yasiyo na mjadala. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na mtoto, iwe garini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo au chini ya mwamba. Mzazi atoe idhini ya maandishi yenye namba ya dharura na maelezo ya afya. Picha zisichapishwe bila ruhusa. Uchunguzi wa historia ya wanaofundisha watoto ufanywe kama sheria ya nchi inavyotaka. Na mwenye cheo hiki asiwe ndugu wala mwenza wa mwenyekiti, maana siku moja huenda malalamiko yakamhusu mwenyekiti.

Hatua ya 4: Mtunza vifaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi inayotolewa kwa uzembe kuliko zote. "Wewe una gari, kaa na kamba." Basi, imeisha.

Mwaka 2006 Todd Skinner, mmoja wa wapandaji wakubwa wa Marekani, alifariki katika mbuga ya Yosemite, California, alipokuwa akishuka kwa kamba. Kitanzi cha mbele cha hanesi yake, kile kinachobeba uzito wote, kilikuwa kimechakaa na kilikatika. Mwenzake alikuwa ameiona hali hiyo siku chache kabla, na hanesi nyingine ilikuwa imekwisha agizwa. Huyu alikuwa mtu mwenye ujuzi wa miongo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema: hii haitumiki tena, kuanzia sasa.

Kwa hiyo karatasi ya kazi ya mtunza vifaa ianze na mamlaka, kisha ndiyo majukumu. Hivi ndivyo ningeiandika:

*Mtunza vifaa anaweza kukiondoa kifaa chochote cha klabu bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, akiwemo mwenyekiti. Kifaa kilichoondolewa hukatwa au kuharibiwa siku hiyo hiyo. Kila mwezi hukagua kamba, hanesi, karabina (pete za chuma zenye mlango), vifaa vya kushikia kamba ya anayepanda na kofia, na kuandika matokeo daftarini. Mara moja kwa mwaka hufanya ukaguzi kamili pamoja na mtu wa pili. Ana msaidizi mmoja ambaye ana ufunguo wa akiba. Muda wa kazi: miaka miwili.*

Kukata ni jambo la lazima. Kamba iliyoondolewa lakini ikabaki nzima itaokotwa na mtu mwenye nia njema na kurudishwa kabatini.

Daftari la vifaa liwe na mstari mmoja kwa kila kifaa: namba ya alama, mwaka wa kutengenezwa, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe za ukaguzi, saini, na maelezo. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 tangu kutengenezwa kwa vifaa vya nguo kama kamba, hanesi na tepe, hata kama havijawahi kutumika. Kamba ya klabu inayotumiwa na wageni kila wiki haifiki huko. Inaweza kuisha ndani ya mwaka mmoja au chini ya hapo.

Ukaguzi wa kamba hufanywa kwa macho na vidole. Ipitishe yote mikononi, kutoka ncha hadi ncha, taratibu, kipande cha urefu wa mkono kwa wakati mmoja. Unatafuta mahali palipolainika kupita kiasi, palipovimba, palipobanwa bapa, palipokakamaa, au ambapo ganda limeungua na kung'aa. Kila baada ya hatua kadhaa ikunje kwa vidole iwe kitanzi kidogo. Kamba nzima huacha nafasi ya mviringo katikati. Iliyoharibika ndani hukunjika bapa kama karatasi. Ukiona uzi mweupe wa ndani unachungulia kwenye ganda, hakuna la kujadili. Ncha za kamba huchoka kwanza kwa sababu ndizo hufungwa na kupokea maanguko, na ukizikata kumbuka kwamba alama ya katikati haiko tena katikati. Andika urefu mpya kwenye mfuko wa kamba, kwa herufi kubwa.

Kwa mujibu wa kiwango cha UIAA, kamba ya kutumika peke yake, si kwa jozi, hujaribiwa ikiwa mpya kwa uzito wa kilo 80, inapaswa kustahimili maanguko makali yasiyopungua 5, na mshtuko wa anguko la kwanza usizidi kilonewtoni 12 (kipimo cha nguvu). Takwimu hizo huwapa watu imani, na ni haki yao. Lakini maabara haina asidi ya betri. Nailoni huliwa na asidi, na hata mvuke wake unaweza kuidhoofisha bila kuacha alama yoyote ya macho. Kamba isisafirishwe kwenye buti la gari kando ya betri, mafuta au dawa za usafi. Ikichafuka, ioshwe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu na sabuni laini, ianikwe kivulini. Jua kali nalo huila.

Vifaa vya chuma hudumu zaidi, ila angalia karabina zilizochimbwa mfereji na kamba, na mlango usiojifunga wenyewe ukiuachia. Kofia iliyopigwa na jiwe kubwa huondolewa hata kama haionyeshi ufa.

Hatua ya 5: Wageni, mafunzo na siku ya kupanda

Mwaka 1989 kule Buoux, Ufaransa, bingwa wa mashindano Lynn Hill alianza kufunga fundo lake, akakatizwa na jambo lingine, akapanda bila kulimaliza. Alipofika juu akaegemea kamba ili ashushwe, akaanguka takriban mita 22. Mti ulimpunguzia kishindo na akapona. Miaka minne baadaye akawa mtu wa kwanza kupanda njia ya The Nose, kwenye ukuta wa mwamba wa El Capitan huko Yosemite, kwa nguvu za mikono na miguu yake bila kujivuta kwa vifaa. Ninawapa wageni wote kisa hiki, kwa sababu kinavunja dhana kwamba kukaguana ni kwa wanaoanza. Fundo lisilomalizwa halichagui bingwa.

Mratibu wa mafunzo hafundishi peke yake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wanachama wote wanaofundisha wanafundisha kitu kimoja. Mgeni akionyeshwa leo hivi na wiki ijayo vile, ataishia na nusu ya hiki na nusu ya kile. Kaeni mkubaliane juu ya fundo moja la kujifungia, yaani fundo la nane lililorudiwa, maneno mamoja ya kuitana, na ukaguzi mmoja kabla mguu haujatoka chini. Ukaguzi huo ufanyike kwa kugusa na kusema kwa sauti: vifungo vya mikanda ya hanesi zote mbili, fundo na mahali lilipopita, kifaa cha kushikia kamba na mwelekeo wa kamba ndani yake, kufuli ya karabina, na ncha ya kamba kama ina fundo la kuzuia. Hilo la mwisho ni la kutiliwa mkazo. Kamba fupi kuliko njia imeshaangusha watu wengi wakati wa kushushwa, na dawa yake ni fundo moja la sekunde chache.

Mgeni anayejifunza kushika kamba awe na mtu mzoefu kando yake aliyeshika mkia wa kamba, siku zote, hadi mratibu amridhie. Asipewe ridhaa kwa sababu amehudhuria mara nyingi. Apewe kwa sababu ameonekana akizuia anguko, akimshusha mwenzake taratibu, na mkono wake wa breki haukuachia kamba hata mara moja. Muwe na orodha fupi iliyobandikwa ukutani au kwenye simu za viongozi, yenye majina na kile ambacho kila mmoja ameridhiwa kufanya: kushika kamba ya juu (iliyokwisha pitishwa juu ya njia), kushika kamba ya anayeongoza (anayepanda wa kwanza akiipandisha kamba), kuongoza, kuweka nanga (mahali pa kufungia kamba kwenye mwamba). Hakuna aibu kukaa mwaka mzima kwenye safu ya kwanza.

Kwa siku ya nje, kiongozi mmoja ateuliwe kwa jina. Kabla ya siku hiyo ajue: ruhusa ya eneo ipo au haipo, kuna ndege wanaotaga kwenye mwamba ambao wanatakiwa kuachwa, hali ya hewa ikoje, nani anakuja, na gari gani litabaki karibu. Mwenye ardhi ni mtu muhimu kuliko mfadhili yeyote. Mpeni heshima ya kumjulisha mapema, egesheni pale anapotaka, ondokeni na takataka zenu na za wengine, na mtu mmoja, yule yule, ndiye awe anamsemesha. Akipigiwa simu na sauti mpya kila mwezi, imani hukatika.

Hatua ya 6: Fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila malipo yawe na risiti, kila utoaji wa fedha benki uwe na saini mbili za watu wasiokaa nyumba moja, na ripoti ya mistari kumi iende kwa kamati kila mwezi: tulianza na nini, kilichoingia, kilichotoka, tunadaiwa nini, tumebaki na nini. Fedha za klabu zisipitie kwenye akaunti ya mtu binafsi hata kwa siku moja, hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Utaratibu huu humlinda yeye.

Ada ipangwe kwa hesabu, msiikisie. Chukueni gharama ya bima, ukumbi na shirikisho, kisha ongezeni fungu la uchakavu. Kama seti ya hanesi inatarajiwa kubadilishwa baada ya miaka minne, robo ya bei yake iwekwe kando kila mwaka, na ihesabiwe kama deni, isiguswe kwa sherehe. Klabu ambazo hazina fungu hili hujikuta zikirefusha maisha ya kamba kwa sababu hakuna fedha, na hapo mweka hazina anakuwa ameingia kwenye usalama bila kujua. Mtu mwenye kipato kidogo awe na njia ya kulipa kwa awamu au kwa kazi, akizungumza na mweka hazina peke yake faraghani.

Hatua ya 7: Vikao vinavyoisha

Vikao sita kwa mwaka, dakika 90 kila kimoja. Ripoti za kila mwanakamati zitumwe kwa maandishi siku tatu kabla, na kikaoni zisisomwe. Ziulizwe maswali tu. Muda ubaki kwa mambo yanayohitaji uamuzi. Kila kipengele cha ajenda kiandikwe kama swali. "Vifaa" hakimwambii mtu afikirie nini. "Je, tununue kamba mbili sasa au tusubiri ada za mwaka mpya?" kinamwandaa.

Kumbukumbu za kikao ziwe fupi hivi: *Kamba mbili za mita 60 zinunuliwe. Mhusika: mtunza vifaa. Mwisho: kabla ya safari ijayo.* Uamuzi, mtu, tarehe. Palipoandikwa "kamati italishughulikia" hapana mtu aliyelishika. Kazi ikipewa watu wawili, mmoja awe ndiye mwenye jina.

Jambo la usalama lisipigiwe kura. Kama mtunza vifaa amesema hapana, ni hapana. Kamati ikitofautiana naye sana, imwite mtu wa nje mwenye utaalamu, na kifaa, kama hakijakatwa bado, kisitumike wakati huo wote.

Hatua ya 8: Kuwaomba watu kazi, na kuwaachia

Tangazo la jumla, "Tunahitaji watu wa kujitolea, tafadhali jitokezeni," huleta kimya. Kila msomaji anamfikiria mwingine. Mwendee mtu ana kwa ana, mweleze kazi yenye mipaka: "Dada, nimeona unavyopanga vitu vyako. Tunahitaji mtu wa kusimamia kofia na hanesi tu, saa mbili kwa mwezi, hadi mkutano mkuu. Yule kaka wa vifaa atakuwa nawe mara mbili za kwanza. Ukiona si kazi yako, utasema na tutaelewa." Hapo amejua ni nini, ni kiasi gani, kinaisha lini, nani atamsaidia, na mlango wa kutokea uko wapi. Watu hukubali kazi yenye mwisho.

Waangalieni pia wanachama wasioongea sana na wale wasiopanda njia ngumu. Kuna dhana mbaya kwamba kamati ni ya wapandaji hodari. Mhasibu anayepanda njia rahisi kabisa ni mweka hazina bora kuliko bingwa asiyetunza risiti, na mama aliyelea watoto watatu mara nyingi huona hatari chini ya mwamba kabla ya vijana wote.

Kila kazi iwe na mtu na msaidizi. Msaidizi si mrithi wa moja kwa moja. Ni mtu anayejua kutosha kuendelea kwa mwezi mmoja. Muda wa kazi uwe miaka miwili, na nusu ya kamati ichaguliwe mwaka huu, nusu mwaka ujao, ili wazoefu wasiondoke wote kwa siku moja. Baada ya vipindi viwili mfululizo mtu apumzike, hata kama kila mtu anamtaka. Najua kanuni hii huwaumiza watu wanaoipenda klabu. Ila wasipopisha, hakuna atakayejifunza.

Mwanakamati akinyamaza, ujumbe haujibiwi na kazi imesimama, mwenyekiti ampigie simu ndani ya wiki moja. Asianze na kazi. Aanze na hali yake. Mara nyingi kuna ugonjwa, mtihani au msiba. Kazi ihamie kwa msaidizi kwa muda uliotajwa, na kundi zima lijulishwe bila kueleza mambo yake ya ndani. Wa kundi la kwanza, yaani vifaa, mafunzo na safari, wasisubiriwe hata wiki.

Hatua ya 9: Siku ya ajali

Karatasi moja isiyolowa ikae kwenye mfuko wa huduma ya kwanza: namba za dharura, maelezo ya kufika mahali hapo pamoja na alama za eneo, hospitali iliyo karibu, na migawanyo minne ya kazi. Mmoja anaongoza na hashiki mgonjwa. Mmoja anahudumia. Mmoja anapiga simu na kuwapokea waokoaji barabarani. Mmoja anawakusanya wengine wote, anahakikisha hakuna aliyebaki juu ya kamba. Mtu aliyepoteza fahamu akiwa ananing'inia kwenye hanesi ashushwe haraka iwezekanavyo, kwani kuning'inia bila kusogea kunaweza kumuua. Pasipo na mtandao, ishara ya kimataifa ya milimani ni miito sita ya filimbi au taa ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, na kurudia. Jibu ni miito mitatu.

Familia ipigiwe simu na mwenyekiti au mtu aliyeteuliwa, na mtu mwingine yeyote asiandike chochote mtandaoni kabla ya hapo. Vifaa vilivyohusika viwekwe kando kama vilivyo, visioshwe.

Ndani ya saa 48 ripoti iandikwe: kilichotokea, saa ngapi, nani alikuwepo, vifaa gani. Bila lawama. Fanyeni hivyo hivyo kwa yale yaliyokaribia kuwa ajali, kama karabina iliyokutwa wazi au jiwe lililopita kando ya kichwa. Haya ndiyo yenye mafunzo mengi, na watu watayasema tu iwapo wa kwanza kuyasema hakukaripiwa.

Hatua ya 10: Mkutano mkuu na makabidhiano

Taarifa itoke wiki tatu kabla, pamoja na hesabu zilizokaguliwa na mtu asiye mwanakamati. Kwenye mkutano someni pia ripoti ya vifaa: vingapi vimeondolewa mwaka huu na kwa nini. Wanachama wakisikia kwamba kamba zimekatwa, huelewa ada yao ilikokwenda.

Makabidhiano yafanyike ndani ya siku 14, ana kwa ana, vitu mkononi. Mtunza vifaa wa zamani na mpya wafungue kabati pamoja, wahesabu kila kitu dhidi ya daftari, wote watie saini mwishoni mwa ukurasa. Mweka hazina abadilishe majina ya watia saini benki kabla ya malipo yoyote mapya. Katibu abadilishe maneno ya siri na kuyaweka mahali ambapo watu wawili wanaweza kuyafikia. Mratibu wa safari ampeleke mrithi wake kwa kila mwenye ardhi na kumtambulisha kwa jina. Kwa miezi mitatu ya kwanza aliyetoka apokee simu za aliyeingia, na baada ya hapo asipigiwe tena isipokuwa kwa salamu.